Theluji ya Kibo na Daftari la Dunia

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, Mjerumani wa Württemberg aliyekuwa akitumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, alisafiri kutoka Rabai, karibu na Mombasa, kwenda nchi ya Wachaga. Tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima mrefu. Alipomwuliza kiongozi wake wa njia, huyo hakuwa na jina la kitu kile ila aliita "baridi". Rebmann akasadiki ya kuwa ni theluji. Habari yake ilipochapishwa London mwaka 1849 haikupokewa vema. William Desborough Cooley, bingwa wa ramani za Afrika, aliikanusha akisema haiwezekani theluji idumu karibu na Ikweta. Ubishi huo haukuanza kutulia mpaka mwaka 1862, Baron Carl Claus von der Decken na Otto Kersten walipopanda mlima hadi kimo cha zaidi ya meta 4,000 na kuyathibitisha maneno ya Rebmann.

Kwa nini mtu aliyesema kweli hakusadikiwa? Alikuwa na macho yake tu. Hakuwa na kipimo, wala shahidi wa pili ambaye wasomi wa Ulaya wangemkubali, wala hapakuwa na mahali ambapo ushuhuda wake ungeweza kulinganishwa na ushuhuda mwingine. Wenyeji walijua siku zote ya kuwa kule juu ni baridi, lakini ujuzi wao haukuandikwa katika daftari lolote ambalo London ilikuwa ikilisoma. Torati nayo iliagiza kwamba neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu (Kumb. 19:15). Sayansi ya mazingira imejengwa juu ya kanuni isiyo mbali na hiyo.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi mataifa yanavyoshirikiana kukusanya, kutunza na kugawana takwimu za mabadiliko ya mazingira ya dunia. Jambo hili laweza kuonekana kuwa la mafundi na wenye kompyuta. Lakini wakulima wa sharika zetu huuliza kila mwaka kama mvua za vuli zitakuja, nasi huombwa kuomba pamoja nao. Hatuna budi kujua majibu wanayopewa na wataalamu yanatoka wapi, yana nguvu kiasi gani, na ni nani asiyekuwa na sauti katika kuyatengeneza.

1. Maana ya miundombinu ya takwimu

Tusikiapo neno miundombinu twafikiri barabara, madaraja na nguzo za umeme. Takwimu nazo zina barabara zake. Tuchukue chombo kilicho rahisi kuliko vyote, yaani kipimamvua. Ni mkebe wa mdomo wa kipimo maalumu, uliowekwa mahali pa wazi, pamoja na kikombe chenye mistari ya milimita. Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji juu ya kila meta moja ya mraba. Mtoto wa shule aweza kukisoma. Hata hivyo, ili kusoma kwake kumfae mtu aliye Nairobi au Geneva, mambo sita yanahitajika.

Kwanza, chombo chenyewe kiwe cha aina inayokubaliwa. Pili, kisomwe kwa kanuni moja: katika Afrika Mashariki mvua ya siku husomwa saa tatu asubuhi, kwa maana mmoja akisoma asubuhi na mwenzake jioni, mvua ya usiku mmoja itaandikwa katika siku mbili mbalimbali. Tatu, hesabu ipelekwe upesi mahali inapokusanywa. Nne, itunzwe mahali pa salama, tena katika nakala zaidi ya moja. Tano, iambatane na maelezo: kituo kiko wapi, kwenye kimo gani, na chombo kilibadilishwa lini. Sita, wanaohitaji wapewe njia ya kuifikia.

Jambo la tano husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo lenye hatari kubwa. Tuseme pana kipimamvua kando ya nyumba, na mwembe ukapandwa karibu nacho. Mwembe ukikua, matawi yake huzuia sehemu ya mvua. Baada ya miaka thelathini daftari litaonyesha kuwa mvua imepungua. Msomaji asiyejua habari za mwembe atatangaza mabadiliko ya tabianchi, kumbe kilichobadilika ni mti.

Mchungaji atunzaye kitabu cha ubatizo aelewa mambo haya bila shida. Mkristo akihama kutoka Machame kwenda Dar es Salaam, cheti chake husomeka huko kwa sababu vitabu vimeandikwa kwa mtindo mmoja. Kitabu kikiliwa na mchwa, au kikiandikwa bila tarehe, hakuna kikao cha wazee kitakachoweza kurudisha yaliyopotea. Ndivyo ilivyo kwa mvua ya mwaka 1931: haiwezi kupimwa tena.

Mfano mwingine tulio nao karibu ni Ziwa Viktoria. Kimo cha maji yake kimekuwa kikisomwa tangu mwaka 1896. Kwa ajili ya daftari hilo twajua kwamba kati ya mwaka 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya meta mbili, na kwamba mwaka 2020, maji yalipowafukuza watu katika makazi ya pwani ya ziwa, yalikuwa yamefikia tena kimo cha 1964. Wale waliosema kwamba jambo kama hilo halijapata kuonekana walikosea, na wale waliosema kwamba ziwa litarudi upesi mahali pake hawakuwa na hakika. Bila daftari tungebaki na kumbukumbu za wazee upande mmoja na uvumi upande wa pili.

2. Jinsi ushirikiano ulivyoanza

Hewa haina mipaka ya nchi. Kwa sababu hiyo wataalamu wa hali ya hewa walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda chama cha kimataifa. Shirika lao la kwanza lilitokana na mkutano wa Vienna wa mwaka 1873. Shirika la Hali ya Hewa Duniani (WMO) tulijualo leo lilianza rasmi tarehe 23 Machi 1950, kisha likawa chini ya Umoja wa Mataifa.

Hatua kubwa zaidi ilifuata katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ambao kwa kweli ulikuwa miezi kumi na minane, kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958. Nchi zaidi ya sitini zilishiriki katika kupima hewa, bahari, barafu, sumaku ya dunia na jua. Yafaa tukumbuke nyakati zenyewe. Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zikielekezeana silaha za nyuklia. Katika miezi hiyohiyo Wasovieti walirusha Sputnik. Hata hivyo mataifa hayo yalikubaliana kuanzisha vituo vya takwimu vya dunia: kimoja Marekani, cha pili Urusi ya Kisovieti, na vingine vikagawanywa katika Ulaya Magharibi, Japani na kwingineko. Kila taifa lilitakiwa kupeleka vipimo vyake, na nakala ziwekwe katika nchi mbalimbali, ili moto, vita au uamuzi wa serikali moja usiweze kuangamiza kumbukumbu ya wote. Utaratibu huo ulidumu nusu karne, ukapangwa upya mwaka 2008 kuwa Mfumo wa Takwimu wa Dunia, chini ya baraza la kimataifa la sayansi.

Mwaka 1963 WMO ilianzisha mpango wa kuangalia hali ya hewa ya dunia nzima, vituo vyake vikuu vikiwa Washington, Moscow na Melbourne. Chini yake viliwekwa vituo vya kanda, na Nairobi ikawa njia panda ya habari za hali ya hewa za Afrika Mashariki. Kwa hiyo kipimo kilichosomwa Tabora au Songea kiliweza kuingia katika hesabu za dunia kwa muda wa saa chache, na utabiri wa dunia ukarudi kwa njia ileile. Huu ndio msingi wa mapatano yenyewe: toa vipimo vyako, upokee vya wote.

3. Matunda yaliyoonekana

Msomaji aweza kuuliza ni faida gani iliyopatikana. Nitataja mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa hewa ya ukaa. Mwezi Machi 1958, katika mpango wa Mwaka wa Jiofizikia, Charles David Keeling alianza kupima hewa hiyo kwenye mlima Mauna Loa huko Hawaii. Alikuta sehemu zipatazo 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo kipimo ni zaidi ya 420. Mwanzoni mwa mwaka 1964 upimaji ulikatika kwa miezi michache kwa sababu fedha zilipunguzwa, na pengo hilo laonekana katika daftari hata leo. Mwezi Novemba 2022 volkano ya mlima huo ililipuka ikakata njia na umeme, na vipimo vikahamishiwa kwa muda mlima jirani wa Mauna Kea. Daftari lenye thamani kubwa namna hiyo linategemea waya, barabara, na mshahara wa watu wachache.

Wa pili ni wa tabaka la ozoni. Kituo cha Waingereza huko Halley Bay, Antaktika, kilichojengwa kwa ajili ya Mwaka wa Jiofizikia, kiliendelea kupima ozoni mwaka baada ya mwaka kwa chombo cha kizamani. Mwaka 1985 Joseph Farman na wenzake wawili walitangaza kwamba kila majira ya kuchipua ya huko ozoni ilikuwa ikipungua vibaya. Setilaiti ya Marekani ilikuwa imepita juu ya mahali pale miaka yote hiyo, lakini hesabu zilizokuwa chini mno zilitiwa alama ya mashaka na kompyuta, zikawekwa kando. Kwa bahati njema hazikufutwa. Wataalamu walizirudia, wakaona ukubwa wa tundu lenyewe. Mwaka 1987 Mkataba wa Montreal ukatiwa sahihi, na baadaye nchi zote za Umoja wa Mataifa zikaukubali. Hapa kuna mafunzo mawili: chombo kipya hakimfanyi shahidi wa zamani kuwa bure, na takwimu za asili zisitupwe kwa sababu hazikubaliani na matazamio yetu.

Wa tatu ni wa bahari. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi zipatazo thelathini zimekuwa zikitia baharini vyombo vya mpango uitwao Argo. Kila chombo huzama hadi meta 2,000, na kila baada ya siku kumi huibuka kikipima joto na chumvi ya maji, kisha hutuma hesabu zake kwa setilaiti. Vyombo vipatavyo 4,000 vinaelea katika bahari zote. Hesabu zake huwekwa wazi kwa mtu yeyote, kwa kawaida ndani ya saa ishirini na nne, nazo hutunzwa katika vituo viwili, Brest huko Ufaransa na Monterey huko Marekani.

Mkulima wa Same hajapata kukiona chombo cha Argo, lakini vuli yake yahusika nacho. Joto la maji ya Bahari ya Pasifiki na la pande mbili za Bahari ya Hindi ndilo linaloongoza kwa sehemu kubwa wingi wa mvua za Oktoba hadi Desemba. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilizobomoa madaraja yetu zilianza kuonekana katika maboya ya Pasifiki miezi kadhaa kabla. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kabla ya kila msimu kulinganisha takwimu hizo na kutoa utabiri wa pamoja, na kituo chao cha kanda kiko Nairobi.

4. Barafu ya Kibo kama kielelezo

Sasa turudi kwenye mlima wa Rebmann. Mwaka 1912 Eduard Oehler na Fritz Klute walipiga picha za Kibo kwa ustadi mkubwa, zikatumika kuchora ramani. Kwa ramani hiyo barafu ilikadiriwa kuwa kama kilometa 12 za mraba. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, pamoja na wenzake, walipiga picha kutoka angani na kutoboa barafu mahali sita. Barafu iliyosalia ilikuwa kama kilometa 2.6 za mraba. Yaani takriban asilimia 80 ilikuwa imetoweka. Katika nguzo za barafu walizotoa walikadiria kuwa tabaka la chini lina umri wa miaka ipatayo 11,700, na walikuta vumbi la ukame mkubwa wa miaka kama 4,000 iliyopita.

Katika makala yao ya mwaka 2002 walikadiria kwamba, hali ikiendelea hivyo, barafu ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita. Barafu ya Kibo imezidi kupungua na kupasuka vipande, lakini ingalipo. Isitoshe, mwaka 2004 wataalamu wengine, miongoni mwao Georg Kaser wa Innsbruck, walionyesha kwamba kwenye kimo kile hewa huwa chini ya kiwango cha kuganda, na kwamba ukavu wa hewa tangu karne ya kumi na tisa, pamoja na jua kali, vimeila barafu zaidi kuliko joto la hewa peke yake. Mjadala huo uliwezekana kwa sababu kituo kidogo cha kujiendesha kiliwekwa juu ya barafu mwaka 2000, kikawa kinapima joto, upepo, unyevu na theluji.

Je, basi takwimu zilidanganya? La. Vipimo vya mwaka 1912 na 2000 vimesimama. Kilichokosea ni makadirio ya mwisho wake, na kilichojadiliwa ni sababu. Tofauti hii ni ya maana sana kwetu tunaosimama madhabahuni. Wako wahubiri waliotangaza kwamba theluji ya Kilimanjaro ingekwisha mwaka fulani, wakaitumia kama ishara. Mwaka ulipofika theluji ikiwapo bado, wasikilizaji walikuwa na haki ya kutilia shaka mambo mengine waliyoambiwa. Yeye asemaye kweli na afundishe kupambanua kati ya kilichopimwa, kilichokadiriwa, na kinachojadiliwa.

5. Suala la haki

Nguzo zile za barafu hazimo Moshi wala Dar es Salaam. Zimo katika vyumba vya baridi huko Columbus, Ohio. Tusiharakishe kulaumu: kutunza barafu kwa miongo ya miaka kwahitaji umeme usiokatika na fedha nyingi, na laiti zisingetolewa, sehemu yake ingekwisha kuyeyuka. Hata hivyo swali latupasa: mwanafunzi wa Kitanzania atakaye kuisoma historia ya mlima wake aifikieje? Ni nani atakayeamua ni kipande gani kikatwe kwa utafiti mpya?

Mambo haya yamejadiliwa na mataifa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1990 idara kadhaa za hali ya hewa, hasa za Ulaya, zilitaka kuuza takwimu ili zijipatie fedha, na nyingine zikashikilia kwamba kilichopimwa kwa kodi ya wananchi kisiuzwe. Mwaka 1995 mkutano mkuu wa WMO ulipitisha Azimio la 40, lililokuwa la suluhu: takwimu zilizo za lazima zitolewe bure na bila sharti, na nyingine ziweze kuwekewa masharti. Mwezi Oktoba 2021 azimio jipya lilipanua wajibu huo hadi kwenye maji ya nchi kavu, bahari, barafu na viungo vya hewa.

Mfano wa picha za setilaiti za Landsat waonyesha maana ya bei. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi picha zake ziliuzwa. Karibu na mwaka 2000 picha moja ilikuwa dola 600 za Kimarekani, na mtu anayetaka kuona mabadiliko ya msitu alihitaji picha nyingi. Katika mwaka wa mauzo bora, 2001, ziliuzwa picha kama 25,000. Mwaka 2008 Marekani iliamua kuzitoa bure, na baada ya miaka michache zilikuwa zikichukuliwa mamilioni kwa mwaka. Picha zilikuwako tangu zamani. Bei ndiyo iliyokuwa imewafungia mlango watafiti maskini.

Mwaka 2009 mashirika ya nchi mbalimbali yanayogharimia utafiti wa mazingira yaliunda umoja uitwao Belmont Forum, yakaona mapema kwamba kugharimia utafiti bila kugharimia utunzaji wa matokeo ni kama kuvuna bila ghala. Mwaka 2015 umoja huo ulipitisha kanuni za uwazi wa takwimu: wanaopewa fedha waeleze tangu mwanzo jinsi takwimu zitakavyotunzwa na kutolewa. Mwaka 2016 zilitangazwa kanuni nne zijulikanazo kwa jina la FAIR, kwamba takwimu ziweze kupatikana, kufikiwa, kuoana na nyingine, na kutumika tena. Kisha watu wa jamii za asili za nchi kadhaa walisema hayo hayatoshi. Mwaka 2019 walitoa kanuni ziitwazo CARE: takwimu zilete manufaa kwa jamii zilikotoka, jamii hizo ziwe na mamlaka juu yake, na wanaozitumia wawe na wajibu na maadili. Uwazi bila haki waweza kuwa njia nyingine ya aliye na mashine kubwa kuvuna shamba la asiye na mashine.

Kwetu Afrika shida ya kwanza bado ni uchache wa vipimo vyenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwapo, idara moja ya hali ya hewa yenye makao Nairobi ilihudumia Kenya, Uganda na Tanzania. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibidi iunde idara yake, vyombo na wataalamu wakagawanyika. Kanuni iliyokubaliwa na WMO mwaka 2021 yataka kila nchi iwe na kituo cha ardhini katika kila kilometa 200 hivi, kitoacho vipimo kila saa. Nchi maskini haziwezi kulifikia lengo hilo kwa mfuko wao wenyewe, wakati vipimo vyao hufaidia utabiri wa dunia nzima. Ndiyo maana WMO na mashirika mawili ya Umoja wa Mataifa, la maendeleo na la mazingira, yalianzisha mfuko maalumu wa kugharimia upimaji. Msingi wake ni wa haki: kipimo cha Kigoma ni mali ya wote, basi gharama yake isiwe ya Kigoma pekee.

6. Yanayotuhusu sisi

Zamani vituo vingi vya misheni, pamoja na mashamba ya walowezi na maboma ya serikali, vilikuwa na vipimamvua. Mmisionari au mwalimu aliandika mvua ya kila siku kando ya habari za ibada na shule. Baadhi ya madaftari hayo yalifika katika idara za serikali, na mengine huenda yamo bado katika kabati za sharika, vyuo na hospitali zetu, yakingoja mchwa. Wataalamu wa nchi nyingi wanafanya kazi ya kuyaokoa maandishi ya namna hiyo, kwa kuyapiga picha na kuziingiza hesabu katika kompyuta, kwa kuwa kila mwaka unaoongezwa nyuma ya historia huongeza nguvu ya kupambanua kati ya ukame wa kawaida na mabadiliko ya kudumu.

Katika jambo hili tuna mambo manne ya kutenda. Kwanza, kabla ya kusafisha stoo au kuchoma karatasi kuukuu, tuangalie kama hamna kumbukumbu za mvua, mavuno, mafuriko au kimo cha mto. Pili, tukizipata tusizitoe bila kubaki na nakala, tena tuiarifu Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mgeni asiondoke na daftari la pekee kwa ahadi ya mdomo. Tatu, watafiti wajapo kupima visima na misitu ya watu wetu, tuulize kwa adabu matokeo yatatunzwa wapi na yatarudi kwa lugha gani. Nne, shule zetu zilizo na kipimamvua zipewe moyo wa kuendelea kukisoma kila siku, na siku isiyosomwa iandikwe kuwa haikusomwa. Mwanafunzi anayejaza sifuri ili kuficha uvivu wake ameshuhudia uongo dhidi ya jirani ambaye hajazaliwa bado.

Huenda mtu akasema kwamba mwenye imani hahitaji hesabu hizi, kwa kuwa mvua hutoka kwa Mungu. Lakini Yusufu, aliyeambiwa na Mungu juu ya miaka saba ya njaa, hakukaa kimya akingoja, alishauri wasimamizi wawekwe, akakusanya nafaka katika kila mji (Mwa. 41). Aliweka akiba katika miaka ya shibe, kabla watu hawajaona haja yake. Takwimu nazo ni akiba ya namna hiyo. Anayezikusanya leo mara nyingi hatazitumia mwenyewe.

Rebmann alikaa Rabai miaka mingi, akawa kipofu kabla ya kurudi kwao. Neno la kiongozi wake, lile la "baridi", limebaki katika maandishi kwa sababu alilisikiliza akaliandika. Jina la huyo kiongozi halikubaki katika kumbukumbu za watu wengi. Katika madaftari yanayoandikwa sasa juu ya mlima ule, na juu ya maziwa na mashamba yetu, yafaa yawemo mambo yote mawili: kipimo kilicho sahihi, na majina ya wale waliokuwapo siku zote.